Mfarishi wa Mzee Kaluweit

Saa kumi na mbili asubuhi Emma Jeschke alikuwa ameshapiga magoti mbele ya jiko la chumba cha kufulia, akipuliza makaa ya mawe yaliyokataa kushika. Chumba kilikuwa chini ya jengo, ngazi saba kutoka uani, na kuta zake zilitoka jasho mwaka mzima. Katikati kulikuwa na sufuria kubwa la shaba lililojengewa kwa matofali. Mlangoni kulining'inia ufunguo, na pembeni ya ufunguo, kwa uzi, daftari la zamu.

Wapangaji walikuwa ishirini na wawili, sufuria moja. Kila mmoja alikuwa na siku yake ya kufua, mara moja kila wiki nne. Watu wa mtaa ule wa wafanyakazi, ulioitwa Wedding, waliweza kusameheana ulevi, hata ngumi, lakini siku ya kufua hakusamehewa mtu. Aliyetaka kubadilishana na mwenziwe aliandikwa daftarini, na wote wawili wakatia saini kwa ile kalamu ya wino mkavu, inayolowanishwa kwanza ndipo iandike zambarau, na ikishaandika haifutiki. Emma ndiye mtunza jengo, na daftari lilikuwa lake. Alipiga deki ngazi, alifungua lango alfajiri na kulifunga usiku, na kwa kazi hiyo alikaa bila kodi katika vyumba viwili vya chini karibu na lango. Mumewe alibaki vitani, hana hata kaburi. Siku mwenye jengo akimchoka, Emma angetoka na kitanda chake kichwani, na hakuwa na pa kukiweka.

"Kituo cha chini kabisa! Chumba cha kufulia!" sauti ikatangaza kutoka ngazini. "Shukeni kwa mguu wa kushoto, msisahau miavuli!"

"Mzee Kaluweit, utaamsha jengo zima."

"Wakilala, nani atalipa nauli?"

Alishuka na kapu lake, kofia ya ukondakta kichwani, koleo la kutobolea tiketi likining'inia kifuani kwa mnyororo. Miaka thelathini na mmoja alifanya kazi kwenye tramu. Walipompunguza alirudisha koti na mkoba, lakini koleo aliwaambia limepotea. Tangu hapo ngazi za jengo ndizo zikawa tramu yake. Kila aliyekutana naye alikatiwa tiketi ya kipande cha gazeti, ikatobolewa, ka! tundu dogo la majani matatu. Hakuishia hapo. Alitoboa ukingo wa taulo lake, mkia wa shati lake, karatasi ya mkate wake. "Kisichotobolewa hakijalipiwa," alikuwa akisema. Watu walimwita chizi, lakini walisema chizi wetu, na tiketi zake walizitunza, huyu kwenye pochi, yule nyuma ya kioo.

"Kitendawili," akasema, akiweka kapu chini.

"Tega, ila upesi."

"Natundikwa, sikuhukumiwa. Napigwa, sikukosa. Na usiku yule yule aliyenipiga hunivuta karibu kwa mapenzi."

"Moto hauwaki, nawe unanitegea? Nimeshindwa."

"Nipe kituo."

Wengine wakishindwa kitendawili hutoa mji. Mzee Kaluweit alitaka kituo cha tramu.

"Chukua Gesundbrunnen," Emma akasema.

"Ninacho tangu Jumapili."

"Alexanderplatz."

"Hicho ulinipa Krismasi, mama. Unataka kunipunja?"

"Basi chukua kituo cha mwisho, huko tramu inakogeuzia, uniache nifanye kazi."

"Kituo cha mwisho!" Mzee akavua kofia. "Hicho hajawahi kunipa mtu." Akamkatia tiketi, akaitoboa, akampa kwa mikono miwili. Emma akaitia mfukoni mwa aproni huku akicheka.

Kutoka kapuni mzee alitoa mashati mawili, taulo, na foronya ya mfarishi wake wa kujifunika, nyeupe, yenye mshono mrefu katikati.

"Ndiyo hiyo moja tu," akasema. "Mfarishi nimeuacha uchi kitandani kama mtoto anayesubiri kuogeshwa."

"Usiuache kitandani, utashika unyevu. Leo kuna jua. Uanike dirishani, lakini mwisho saa nne, sheria ya nyumba unaijua."

"Naijua. Na siku yangu kumbe ilikuwa Alhamisi."

"Mke wa Krampitz kaichukua Alhamisi, anataka mashati ya mumewe yakauke kabla ya gwaride la Jumapili. Si mlisaini wote?"

"Tulisaini. Yeye alisaini kubwa kuliko mimi."

*

Saa mbili Emma alikuwa kwenye ngazi za mbele na ndoo, akisugua huku amepiga magoti, kutoka juu kwenda chini, Krampitz alipofungua mlango wake ghorofa ya pili. Miaka miwili nyuma huyu Krampitz alikuwa akiuza dawa ya sugu za miguu nyumba kwa nyumba, na mtu akifungua mlango alivua kofia kabla hajaulizwa. Sasa alikuwa mkubwa wa chama kipya kwa majengo sita ya mtaa ule. Alivaa shati la kahawia na buti zilizopakwa mafuta mpaka ngazi nzima ikanuka samaki. Mkononi alikuwa na yai la kuchemsha. Alilimenya kwa ukucha wa kidole gumba, na maganda yakadondoka kwenye ngazi aliyotoka kuisugua Emma, moja baada ya jingine.

"Mama Jeschke! Andika kichwani. Leo saa kumi na moja jioni vijana wanapita na bendi. Kila jengo liwe na bendera juu ya lango. Kila jengo! Lisilo na bendera nalijua la kulifanya."

"Mlingoti upo, Bwana Krampitz. Bendera sina."

"Bendera nitatoa mimi."

"Utaitoa wapi?" Mkewe alitokea nyuma yake, nywele zimefungwa kwa vipande vya karatasi. "Maduka saba nimezunguka tangu Jumamosi, kitambaa chekundu hakuna. Kila mtu anashona bendera. Mashine yangu imekaa na mafuta yake, haina cha kula. Saa kumi na moja utapandisha nini, suruali yako ya ndani?"

"Kimya, mke wangu."

"Kimya nini? Jengo la Tschirner lina bendera mbili. Wewe mkubwa wa majengo sita, lango lako tupu. Watakucheka hadi buti."

Shingo ya Krampitz ikawiva. Akatoa kijitabu, akaitoa kalamu, akailamba polepole. Ulimi wake ulikuwa zambarau tangu ncha mpaka nyuma, kama wa ng'ombe aliyekula kitu kibaya, na pembeni mwa ulimi kulikuwa na kiini cha yai. Emma akainamisha macho kwenye ndoo.

Alipofika chini akabeba maji machafu akayamwage barabarani. Jua lilikuwa limeshafika juu ya jengo. Akatazama juu. Dirisha la darini lilikuwa wazi, na mfarishi wa Mzee Kaluweit ulikuwa umelala kifudifudi juu ya kizingiti. Haukuwa na foronya, kwa hiyo ganda lake la ndani lilionekana, lile ganda zito linalozuia manyoya ya bata yasitoke, jekundu kama yalivyo maganda ya mifarishi karibu yote ya mji ule. Mzee alikuwa akiupiga kwa kipigio cha mwanzi, pa, pa, pa.

Emma akacheka peke yake. Natundikwa, sikuhukumiwa. Napigwa, sikukosa. Mfarishi! Akainua mkono amwambie amekipata, arudishiwe kituo chake.

"Nini kile?" Krampitz alikuwa amesimama nyuma yake.

"Mfarishi, Bwana Krampitz. Leo zamu yake ya kufua, foronya iko sufuriani."

"Kitu chekundu dirishani, siku ya bendera, upande wa barabarani."

"Ni mfarishi. Hata wewe unao kama huo kitandani."

Krampitz hakumtazama. Alikuwa anautazama mfarishi, urefu wake, upana wake, kichwa amekipinda kidogo kama mtu aliyesimama dukani.

"Bendera ya wekundu, wale wakomunisti," akasema taratibu, kama anaonja. Halafu akasema kwa sauti kubwa, mpaka madirisha yakafunguka: "Bendera ya wekundu kwenye jengo langu!"

*

Walikuja vijana wawili wa mashati ya kahawia, vitambaa vyeupe vya askari wasaidizi mkononi, na mmoja hakuwa hata na ndevu. Emma aliwafuata ngazi zote nne akisema ni mfarishi, wanangu, ni mfarishi. Waliendelea kupanda. Milango aliyoipita ilifungwa polepole, kila mmoja ukiacha ufa wa jicho moja. Waliokuwa nyuma ya milango ile wote walikuwa na mifarishi miekundu.

"Ghorofa ya nne, mwisho wa ngazi," Mzee Kaluweit alisema mlangoni. "Tiketi tafadhali, mabwana. Hamna? Nitawakatia."

Asiye na ndevu alimpiga kibao kwa mgongo wa mkono. Kofia ikaanguka. Mzee aliinama akaiokota, akaipangusa kwa kiwiko, akaivaa. Halafu, kwa sababu mikono yake haikujua kazi nyingine, akakata vipande viwili vya gazeti, akavitoboa, ka, ka, akawapa. Na yule kijana, kwa mazoea tu ya mtu aliyepanda tramu tangu utotoni, akaipokea tiketi.

"Mnaona?" Krampitz alisema. "Anadhihaki serikali."

Wakamshusha. Krampitz alibaki nyuma, akauvuta mfarishi ndani, akaukumbatia kifuani. Kipigio alikiacha sakafuni. Kwenye ngazi ya mwisho Mzee Kaluweit aligeuka. Damu ilikuwa inamtoka puani, naye alikuwa akiilamba kama mtu mwenye mafua.

"Mama Jeschke, foronya isichemke sana. Ule mshono ni mkuukuu."

"Nitaiangalia."

"Na jibu hujanipa."

Emma alijua jibu. Lilikuwa mikononi mwa Krampitz. Lakini kijana alishamsukuma mzee nje ya lango.

Hawakumpeleka kituo cha polisi. Walimpeleka kwenye kilabu chao cha bia pale kona, ambacho ghala lake la mapipa siku hizi lilikuwa na kufuli mpya.

Emma alikata uzi wa daftari, akalificha chini ya aproni, akaenda polisi. Sajini alikuwa anakula mkate uliopakwa mafuta ya nguruwe juu ya gazeti. Alisoma ule ukurasa: *Jumanne, Kaluweit, badala ya Alhamisi, kwa ombi la Krampitz.* Chini yake saini mbili, moja ndogo ya mzee, moja kubwa yenye mikia.

"Kwa hiyo foronya ilikuwa inafuliwa," sajini akasema.

"Ndiyo, bwana. Na siku ile aliihamisha mke wa Krampitz mwenyewe. Mzee angefua Alhamisi, leo mfarishi wake ungekuwa na foronya nyeupe."

"Nimeelewa. Mimi pia mke wangu anaanika." Akafunga daftari, akalisukuma kwa ncha ya kidole ili lisipate mafuta. "Mama, sisi kwenye kile kilabu hatuingii tena. Vile vitambaa vyeupe vya mkononi umeviona? Vina muhuri. Muhuri wetu. Mimi ndiye niliyeugonga." Akauma mkate. "Nenda kaongee na huyo Krampitz vizuri. Ni mtu wa majengo yenu."

*

Kilabuni kulinuka bia iliyochacha na soksi. Ilikuwa saa tano asubuhi, hakuna mteja, lakini mtu mmoja alikaa karibu na mlango wa ghala akipiga kodiani kwa nguvu zake zote, wimbo wa kuchezwa, na hakuna aliyecheza. Alipokuwa akipumzika kugeuza mkono, ilisikika sauti kutoka chini ya mbao. Ndipo naye akaanza upya haraka.

Krampitz alikuwa mezani na soseji mbili. Mbele yake kulikuwa na bakuli la ngozi. Emma alitazama mara ya pili. Halikuwa bakuli. Ilikuwa kofia ya Mzee Kaluweit, imegeuzwa juu chini, na ndani yake maganda ya soseji, maganda ya mayai, na haradali.

Emma akalitoa daftari chini ya aproni.

"Kaa, Mama Jeschke. Unataka bia?"

"Namtaka mzee wangu. Hapa kuna daftari. Soma. Mkeo ametia saini."

Krampitz alisoma. Alitafuna huku anasoma, na akatafuna polepole zaidi alipofika kwenye saini.

"Umemwonyesha nani?"

"Polisi."

"Wakasemaje?"

Emma akaugonga ukurasa kwa kidole, na Krampitz akatabasamu kwa meno yenye zambarau.

"Sikiliza. Mimi si mtu mbaya. Yule mzee ni chizi, sote tunajua. Chizi anafungwa kwa nini? Tatizo si yeye. Tatizo ni karatasi hii. Mtu akiisoma vibaya anaweza kudhani mke wangu ndiye aliyepanga wekundu waanike bendera. Unaona? Inachafua jina. Nipe ukurasa huu, na saa kumi mzee wako yuko kwake anakunywa kahawa."

"Na nisipotoa?"

"Basi daftari halikutunzwa vizuri, na mtunza jengo asiyetunza daftari hatufai. Mwenye jengo nitamwambia leo. Una dada kule mtaa wa Neukölln, si ndiyo? Yule aliyefukuzwa chumbani mwake wakati wa theluji."

Kodiani ikanyamaza. Kutoka chini ya mbao mtu alisema kitu, neno moja au mawili, kwa sauti ile ile ya kutangaza vituo. Kodiani ikaanza tena.

"Saa kumi," Emma alisema.

"Saa kumi kamili. Neno la Mjerumani."

Emma aliuchana ukurasa mwenyewe, taratibu, kwa kufuata mshono. Krampitz akaupokea, akaukunja mara moja, akafutia haradali vidoleni, kidole kimoja kimoja, pale pale kwenye saini ya mkewe, kisha akautupa ndani ya jiko lililokuwa likiwaka kando yake. Emma akalirudisha daftari chini ya aproni, akatoka. 

*

Alirudi kwenye foronya. Aliiopoa kwa mti, akaisuuza kwenye beseni la zinki, maji ya kwanza, maji ya pili. Ule mshono mkuukuu haukuachia. Aliifua kama inavyofuliwa nguo ya mtoto, na kila mara alitega sikio kwenye lango.

Saa saba mke wa Krampitz alichungulia mlangoni, hakushuka ngazi.

"Mama Jeschke, hiyo foronya ya yule mwehu. Nina haja na kipande cheupe. Cha duara tu, kama sahani."

"Imelowa."

"Nitaipiga pasi."

"Imelowa, nimesema. Kata kitambaa chako cha meza."

Mwanamke akaenda zake akisonya. Baada ya muda mashine ya kushonea ikaanza kulia ghorofa ya pili, tere-tere-tere, ikitulia kidogo kwenye kona, ikiendelea. Imepata cha kula, Emma alifikiri, na hakuendelea kufikiri.

Saa tisa Bi Marunde alishuka kwa matembezi. Bi Ottilie Marunde, wa ghorofa ya tatu, zamani alisuka mawigi ya waigizaji, na sasa alikuwa na mkufu wa mbwa usio na mbwa. Mbwa wake alikufa mwaka mpya, lakini saa za matembezi yake hazikufa, kwa hiyo alitoka mara mbili kwa siku na mkufu mtupu, akasimama kwenye kila mti muda unaotosha. Alisimama pia uani, akanyoosha kiganja.

"Mama Jeschke, theluji inanyesha."

"Na jua hili?"

"Inanyesha upande wa Krampitz tu."

Emma alitoka. Kutoka dirisha la jikoni la ghorofa ya pili manyoya meupe yalikuwa yakishuka, mengi, laini, hayana haraka. Yalikuwa yametanda kwenye mapipa ya taka, kwenye kamba za nguo, kwenye kofia ya Bi Marunde. Mtu alikuwa anatikisa kitu ndani.

"Ni manyoya ya bata," Bi Marunde alisema. Akachukua moja begani mwake, akalitazama, akalitia kwenye mkoba wake na kuufunga. "Huyu bata namjua mwenyewe."

Saa kumi ikagonga kanisani. Emma alikuwa amesimama langoni. Saa kumi na robo. Saa kumi na nusu. Barabara nzima ilikuwa imeshavaa bendera, lango kwa lango, kama mtaa uliougua surua. Alikuwa ameshaweka maji ya kahawa ya shayiri motoni kwa ajili ya mzee. Yakakauka.

Saa kumi na moja kasoro dakika kumi Krampitz alishuka na mkewe, na kitu kilichokunjwa juu ya mikono yao miwili kama wanabeba mtoto wa kubatizwa.

"Ngazi iko wapi? Panda, Mama Jeschke. Mtunza jengo ndiye anayepandisha."

"Mzee Kaluweit yuko wapi?"

"Panda kwanza. Bendi iko kona."

Alipanda. Walimpa ile bendera kutoka chini, naye alipoishika tu alijua. Ilikuwa nzito kuliko bendera, iliyopakwa nta upande mmoja, na ilinuka bata na tumbaku ya kiko. Katikati walishonea duara la kitambaa cha meza, bado lina alama ya pasi, na juu ya duara ule msalaba mweusi uliovunjwa miguu. Emma aliifunga kamba ya kwanza. Kwenye pembe ya chini, karibu na upindo, kulikuwa na tundu dogo la majani matatu, na jua la jioni lilikuwa linapita ndani yake.

Unyoya mmoja ukatoka kwenye mshono, ukaelea, ukashuka kwa Krampitz aliyekuwa ameinua uso na kufungua mdomo, ukamnata kwenye ulimi. Akatema. Haukutoka. Akaingiza vidole.

Bendi ikapita. Watu wakapaza mikono. Krampitz alipaza wa kulia, huku wa kushoto ukichokonoa mdomo.

Walipokwisha kupita, Bi Marunde alikuwa anarudi matembezini. Alifika chini ya lango, akamsimamisha mbwa asiyekuwepo, akatazama juu. Alitazama muda mrefu lile tundu. Kisha akafungua mkoba, akatoa kipande cha gazeti cha rangi ya chai, akakiinua juu kwa vidole viwili kuelekea pembe ile, kama abiria anayemwonyesha kondakta aliye mbali.

"Mimi nimeshalipa," akasema, akapita.

"Yule mwehu anafanya nini?" Krampitz aliuliza.

Emma alikuwa ameshashuka. Mkono wake ulikuwa mfukoni mwa aproni, juu ya tiketi ya asubuhi, ile aliyopewa kwa kituo cha mwisho. Angeweza kuitoa. Vidole vilikuwa vimeshaishika. Krampitz alimtazama, ulimi nje kidogo, bado unatafuta unyoya.

"Sijui," Emma alisema, na neno hilo likamkaa mdomoni kama povu la sabuni.

"Mwandike jina hata hivyo, mke wangu. Marunde, ghorofa ya tatu."

"Bwana Krampitz, ulisema saa kumi."

"Nani?"

"Mzee Kaluweit."

"Aa. Wamempeleka kwingine, si mambo ya hapa." Akageuka aende, akakumbuka kitu, akarudi. "Chumba cha darini anaingia Pagel, shemeji yangu, Jumamosi. Mwandike kwenye zamu ya kufua. Alhamisi mpe yeye." Akatoa kalamu yake, akailamba kwa uzuri ili iandike, akampa. Ncha yake ilimeremeta kwa mate.

Emma alishuka ngazi saba. Ndani bado kulikuwa na joto la asubuhi. Foronya ilining'inia kwenye kamba, nyeupe, ikidondosha maji kwenye beseni, tone kwa tone. Alifungua daftari pale palipokuwa na ukurasa uliochanwa. Alifuta ile kalamu kwenye aproni, akaifuta tena, akaifuta mpaka aproni ikatoboka. Hakuilamba. Aliichovya kwenye maji ya foronya.

Aprili, Alhamisi, ghorofa ya nne: Kaluweit. Mei, Alhamisi: Kaluweit. Aliandika kwa kukandamiza, kila herufi, kama alivyofundishwa shule ya msingi. Juni. Julai. Aliandika mpaka Desemba, mpaka daftari likaisha, na palipobaki nafasi ndani ya jalada akaandika tena. Wino ulichuruzika kidogo kwa maji, lakini ulisomeka, na hakuna aliyejua njia ya kuufuta.

Akalifunga daftari kwa uzi mpya, mlangoni, pembeni ya ufunguo, ambapo wapangaji ishirini na mmoja na Pagel wao lazima walisome kabla ya kuwasha moto. Kisha akachukua kapu la mzee, akatoka uani, akaanza kuokota manyoya.